Shaba Kifuani mwa Farasi



Mada yangu ni bamba la shaba ya njano lenye upana wa sentimita nane hivi. Juu lina tundu la kupitishia mkanda wa ngozi. Katikati lina umbo: jua, hilali, moyo, mganda wa ngano, simba, farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, uso wa malkia. Farasi wa mizigo wa Uingereza walivishwa mabamba haya kwa wingi kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo yananunuliwa minadani, yanapangwa ukutani, yanabadilishanwa, yanaandikiwa vitabu. Wakusanyaji wake wana chama chao cha kitaifa nchini humo tangu 1975, na ubishi walio nao juu ya asili ya vitu hivi haujaisha.

Nimekuja na upande wangu katika ubishi huo, na ni haki yenu kuujua mapema. Wengi huyapenda mabamba haya kwa sababu wameambiwa ni hirizi za kale. Mimi nayapenda kwa sababu ya mtu aliyeyanunua: mwajiriwa wa ujira mdogo, aliyetoa fedha yake mwenyewe kumpamba mnyama ambaye hakuwa wake. Mtu huyo hakuandika kitabu, na mara nyingi jina lake halijulikani. Shaba ndiyo iliyobaki, na ukijua namna ya kuitazama, inaeleza mengi juu yake.

Tuanze na farasi mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kumfikiria farasi wa mbio au wa gwaride. Farasi wa mkokoteni wa Kiingereza ni mnyama wa namna nyingine. Yule wa aina ya Shire hufikia uzito wa tani moja, na mabega yake yako zaidi ya sentimita 170 kutoka ardhini, miguu imefunikwa manyoya marefu chini ya goti. Wafugaji wake waliunda chama mwaka 1878, na mwaka 1884 chama hicho kikapewa jina la Shire. Farasi huyu ndiye aliyelima mashamba, aliyebeba makaa ya mawe kutoka bohari za reli, aliyesambaza mapipa ya bia mitaani na kuvuta mashua kwenye mifereji. Tunaambiwa kwamba karne ya 19 ilikuwa zama za mvuke, na ni kweli. Lakini garimoshi lilikoma stesheni. Kutoka stesheni hadi mlango wa duka, mzigo ulivutwa na farasi, na kampuni za reli zenyewe zilimiliki maelfu ya farasi kwa kazi hiyo.

Ili avute, farasi alivishwa pete kubwa ya ngozi shingoni, iliyojazwa majani makavu ili isimchubue mabega. Kutoka kwenye pete hiyo uliteremka mkanda mpana uliopita kifuani, katikati ya miguu ya mbele, ukaunganishwa na mkanda wa tumbo. Hapo kifuani ndipo mabamba yalipopangwa, moja chini ya jingine, matatu au manne, pengine zaidi. Bamba jingine lilikaa kwenye paji la uso. Mengine madogo yalifungwa kandokando ya masikio na kwenye mikanda ya mgongo. Utosini paliweza kusimamishwa pete yenye kibamba kinachobembea ndani yake, na kila farasi akitupa kichwa kibamba kilimeta. Kwenye barabara nyembamba za mashambani, zilizozungukwa na ua mrefu pande zote mbili, farasi wa mbele alifungiwa kengele, na hizo zilikuwa na kazi kamili: kumwonya anayekuja upande wa pili kabla mikokoteni miwili haijakwamana. Kengele zilizosubiwa Aldbourne, kijiji cha Wiltshire, na Robert Wells katika karne ya 18, zenye herufi zake mbili R na W, bado zinatafutwa sana.

Sasa hirizi. Mwishoni mwa karne ya 19 wasomi wa mila za wananchi walianza kuyatazama mabamba haya kwa jicho jipya. Frederick Thomas Elworthy alitoa mwaka 1895 kitabu kizima juu ya kijicho, na mapambo ya farasi yamo. Lina Eckenstein aliandika juu yake mwaka 1906 katika jarida la mambo ya kale. Hoja iliyoenea baada yao ilikuwa nyepesi kueleweka: jua ni mungu wa kale, hilali ni mungu mwezi, shaba inayometa inarudisha jicho la hasidi kwa mwenyewe, basi mkulima wa Kiingereza alikuwa anaendeleza kago la mababu zake wa kabla ya Ukristo bila kujua. Waandishi wa vitabu vya wakusanyaji waliipokea hoja hiyo kwa mikono miwili, na wauzaji wakaipokea kwa furaha zaidi, kwa sababu kitu cha miaka elfu mbili huuzwa ghali kuliko kitu cha miaka arobaini.

Hoja ina chembe ya ukweli, nami siifichi. Wapanda farasi wa jeshi la Roma walivisha farasi wao vidani vya umbo la hilali, na vimefukuliwa Uingereza. Katika karne za 13 na 14 matandiko ya farasi wa mabwana yaliningʼinizwa vibamba vidogo vya shaba vyenye nembo za koo, na hivyo pia vinaokotwa mashambani hadi leo. Tatizo ni pengo. Baina ya hilali ya Mrumi na hilali ya mkokoteni wa makaa wa mwaka 1890 kuna zaidi ya miaka 1,400, na mnyororo wa kuziunganisha haupo. Vile vidani vya zama za kati navyo vilitangaza ukoo na utumishi, jambo lililo mbali na uganga. Mabamba ya farasi wa kazi yanayoweza kuthibitishwa kuwa ya kabla ya karne ya 19 ni haba mno. Yanajitokeza kwa wingi ghafla wakati viwanda vya shaba vimekua, reli inaweza kuyafikisha kila mji, na katalogi za viwanda zinamruhusu mtengeneza matandiko wa mji mdogo kuagiza hilali sita na mioyo mitatu kwa posta.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuona jinsi ngano ya namna hii inavyozaliwa. Mgeni akisimama mbele ya mlango wa Mji Mkongwe, Unguja, huambiwa kwamba njumu zile za shaba asili yake ni kuwazuia tembo wa vita huko Bara Hindi. Aliyeutengeneza mlango hakumtarajia tembo. Alitaka nyumba ya tajiri wake ionekane kuwa ya tajiri. Ngano ya tembo inampendeza msikilizaji na kumsahaulisha fundi na mwenye nyumba. Ngano ya mungu mwezi imewafanyia vivyo hivyo wafua shaba na waongoza farasi wa Uingereza, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kwa hiyo twende Walsall, mji ulio kaskazini-magharibi ya Birmingham. Huko ndiko kulikokuwa makao ya kazi ya ngozi na vyuma vya farasi. Hadi leo timu ya soka ya mji huitwa kwa jina la utani Watengeneza Matandiko, na ipo makumbusho ya ngozi. Wakataji ngozi, washonaji, wafua lijamu, wasubu shaba, wote walikuwa mitaa michache kutoka kwa wenzao, na Birmingham yenyewe ilikuwa jirani na karakana zake za shaba zisizohesabika. Kampuni kama Matthew Harvey na Stanley Brothers za Walsall zilitoa mabamba ambayo leo yamo katika kila mkusanyo.

Namna ya kwanza ya kuyatengeneza ilikuwa kusubu. Fundi alichonga kielelezo cha mti au cha madini, akakikandamiza katika mchanga mwembamba wenye unyevu ndani ya fremu ya nusu mbili, akakitoa kwa uangalifu, akazifunga nusu zile, na kumimina shaba iliyoyeyuka kwenye njia aliyoiacha. Bamba lilipotoka kwenye kalibu lilikuwa na kingo za kukwaruza na mabaki ya shaba kwenye matundu. Ilibidi lipigwe tupa, kila tundu na kila pembe, kwa mkono. Ili lishikike kwenye jiriwa wakati wa kazi hiyo, mara nyingi lilisubiwa likiwa na vijiti viwili vifupi vya shaba mgongoni. Kazi ikiisha vilikatwa, na alama zake mbili zikabaki. Mkusanyaji anayechukua bamba mkononi huligeuza kwanza. Mbele ya bamba ni ya kila mtu. Mgongo ni wa fundi.

Namna ya pili ilikuja kwa nguvu katika miaka ya 1880: kulikata na kulipiga bamba kwa mashine kutoka kwenye karatasi nyembamba ya shaba iliyovingirishwa. Bamba la namna hii ni jepesi, mgongo wake una mabonde pale uso ulipo na vilima, na bei yake ilikuwa ya chini. Kwa muda mrefu wakusanyaji waliyadharau, wakiyaona ni bidhaa rahisi. Mimi naona walikosea. Bei hiyo ya chini ndiyo iliyomwezesha mtu wa chini kununua, na huwezi kudai unaheshimu historia ya wafanyakazi huku ukidharau kitu walichoweza kukimudu.

Maana mtu huyo alilipwa kiasi gani? Kibarua wa shamba Uingereza katika miaka ya 1890 alipata yapata shilingi 14 kwa wiki, na katika wilaya nyingi za kusini pungufu ya hapo. Mwongoza farasi alipata kidogo zaidi, na kwa nyongeza hiyo alidaiwa siku ndefu kuliko wote. Aliingia zizini kabla ya alfajiri, kwa sababu farasi lazima ale na kusaga chakula kabla ya kufungwa. Alirudi naye jioni, akamkausha, akamchana, akamlisha tena. Farasi, mkokoteni na mikanda vilikuwa mali ya bwana. Mabamba, mara nyingi, yalikuwa yake. Aliyanunua kwa mtengeneza matandiko siku ya soko, alipewa na baba yake aliyekuwa na kazi hiyohiyo, na akihamia kwa mwajiri mwingine aliyafungua na kuondoka nayo.

Sijui kama tunalipima vizuri jambo hilo. Mtu mwenye watoto, anayelipa kodi ya kibanda, anatoa peni zake kununua nyota ya shaba ili farasi wa mtu mwingine apendeze barabarani. Wachumi wataliita upotevu. Lakini mwongoza farasi alikuwa na sehemu chache sana za kuonyesha kwamba yeye ni bingwa wa kazi yake. Shamba halikuwa na jina lake. Mzigo haukuwa na jina lake. Alipopita kijijini farasi wake wanne wakiwa wanatembea kwa mpangilio, nywele zimesukwa, shaba inawaka, kila mwongoza farasi mwenzake aliyesimama kando aliweza kusoma: huyu anaamka mapema.

Wapo waliolitambua hilo wakalitumia kwa manufaa ya mnyama. Mwaka 1885 yalianzishwa London maandamano ya farasi wa mikokoteni, ambayo baadaye yalizoeleka kufanyika Regentʼs Park siku ya Jumatatu ya Pentekoste. Nia yake iliwekwa wazi: kuboresha hali ya farasi wa kazi wa jiji na kuwatia moyo waendeshaji wawatendee vyema. Mwaka 1904 yakaongezwa mengine kwa farasi wa magari mepesi ya mizigo, Jumatatu ya Pasaka. Walioshindanishwa walikuwa farasi waliovuta makaa na mboga wiki nzima, wakikaguliwa afya, ngozi, kwato, mikanda. Shirika la Kifalme la Kuzuia Ukatili kwa Wanyama likawa linatoa mabamba ya shaba ya sifa, ambayo dereva aliyavisha kwenye mikanda ya farasi wake. Mfululizo wa mabamba ya namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, ni ushahidi kwamba dereva mmoja alimtunza mnyama wake kwa muda mrefu pale ambapo angeweza kumpiga mijeledi tu. Kwangu mimi hakuna hilali ya kipagani inayoweza kushindana na mkanda kama huo. Maandamano hayo mawili yaliunganishwa mwaka 1966.

Michoro ya mabamba nayo ni gazeti la zama zake. Jubilei ya dhahabu ya Malkia Victoria mwaka 1887 na ile ya almasi mwaka 1897 zilimwagia soko nyuso za malkia. Kutawazwa kwa Edward wa Saba mwaka 1902 na George wa Tano mwaka 1911 kukaleta nyingine. Disraeli na Gladstone, mahasimu wa siasa, wote wawili walitundikwa vifuani mwa farasi. Vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902 vilileta nyuso za makamanda wa Uingereza: Roberts, Kitchener na Baden-Powell. Kampuni za reli ziliweka herufi za majina yao kwenye mabamba ya paji la uso, na watengenezaji bia wakaweka nembo zao. Mganda wa ngano ulipendwa mashambani kwa sababu zisizohitaji kufafanuliwa. Baadhi ya mabamba yana namba ya kusajiliwa kwa mchoro, utaratibu ulioanza mwaka 1884. Namba hiyo hukwambia mchoro ulisajiliwa lini, na haikwambii bamba ulilolishika lilitengenezwa mwaka gani, kwani kielelezo kizuri kilisubiwa kwa miaka mingi.

Kisha farasi wakaondoka. Mwaka 1914 jeshi liliwachukua kwa maelfu kutoka mashambani na mitaani, na waliorudi ni wachache. Baada ya vita lori za kijeshi ziliuzwa kwa bei nafuu, na trekta ikaanza kuingia shambani. Mikanda ikaachwa kwenye misumari ya mazizi matupu, na mabamba yakafunguliwa kupelekwa ukutani: kwanza kwa mwenye shamba, halafu kwenye mabaa ya mashambani, ambako yalipigiliwa kwenye maboriti meusi juu ya meko. Kabla ya vita vya pili viwanda vilikuwa vimeshaanza kutengeneza mabamba ya watalii, yenye majina ya miji na picha za makanisa, ambayo hayakuwahi kugusa manyoya ya mnyama. Hapa na pale desturi ya kweli iliendelea. Kiwanda cha bia cha Young huko Wandsworth, London, kilisambaza bia kwa farasi hadi kilipofungwa mwaka 2006.

Kwa hiyo anayeanza kukusanya leo anakutana na bahari ya shaba, na sehemu kubwa ya bahari hiyo haikuvaliwa na farasi yeyote. Atatambuaje? Kwa kusoma mikwaruzo. Bamba lililofanya kazi lilining'inia kwenye mkanda na kuyumba hatua kwa hatua, kilomita kwa kilomita. Juu, ndani ya tundu la mkanda, ngozi imeila shaba upande ule uliobeba uzito, na tundu limekuwa na mteremko laini. Mgongoni, kwenye ukingo wa chini, pale bamba lilipogusa ngozi kila farasi alipokanyaga, pamelainika kuliko kwingine. Mbele, sura zilizoinuka zimefifia kwa kusuguliwa: pua ya malkia imelala, manyoya ya simba yamekuwa kama ngozi ya samaki. Waongoza farasi walisugua kwa siki na chumvi, kwa vumbi la matofali, kwa majivu, na mkono wa mtu anayesugua kila Jumamosi kwa miaka ishirini haulingani nguvu mahali pote. Husugua zaidi katikati na husahau pembe.

Mghushi analijua hilo, naye hujaribu kuiga. Hulichukua bamba halisi akalitumia kama kielelezo kwenye mchanga. Lakini shaba ikipoa husinyaa, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake, na mkusanyaji mwenye vipimo vya bamba halisi ataikamata kwa rula. Nakala pia hurithi mikwaruzo ya mama kama vivuli: ukungu wa sura zilizofifia unaonekana, ilhali uso wa shaba umejaa vitundu vya mchanga ambavyo kusuguliwa kwa miaka mingi kungevimaliza. Wengine hutumia mashine ya kusaga kulainisha kingo, na mashine hulainisha pande zote sawasawa, kitu ambacho mkanda wa ngozi haufanyi. Jambo hili halifundishiki kwa picha. Mshike mzee wa kazi hiyo, mwombe akupe mabamba mawili mkononi, la kweli na la kughushi, ufumbe macho na kuyapitishia vidole.

Mwandishi Terry Keegan alipotoa kitabu chake juu ya farasi hawa wa kazi mwaka 1973, jina la kitabu lilimtaja kwanza farasi mzito, kisha matandiko, kisha mapambo ya matandiko. Mpangilio huo ndio ninaowasihi wakusanyaji waufuate. Kwa muda mrefu tumefanya kinyume. Mkanda wa kifuani wenye mabamba manne ukiingia mnadani, muuzaji huyafungua na kuyauza moja moja, kwa sababu manne yaliyotengana huleta fedha zaidi, na ngozi iliyopasuka huishia jalalani. Kitendo hicho kinafuta kila kitu. Mkanda ulikuwa unasema mwongoza farasi alichagua hilali juu, moyo chini yake, uso wa malkia chini yao, na kwamba hilali ilikuwa kuukuu kuliko nyingine, labda ya baba yake. Tobo za misumari zilikuwa zinasema mabamba yalibadilishwa mara ngapi. Muhuri wa mtengeneza matandiko kwenye ngozi ulikuwa unataja mji. Yote hayo yanapotea kwa bisibisi moja na dakika tano.

Basi ukipata mkanda mzima, hata kama mabamba yake ni ya kupigwa kwa mashine na hayana uadimu wowote, usiufungue. Ipake ngozi mafuta kidogo kidogo. Muulize aliyekuuzia umetoka shamba gani, farasi walikuwa wa nani, nani aliyewaongoza, uandike jina hilo kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye mkanda kwa uzi. Shaba isugue kwa kitambaa laini ukipenda. Waliokuwa nayo kwanza waliisugua. Kingo zilizolika na mgongo usiguse.